Majibu ya Dada Yangu

Mimi nina roho mbaya. Nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na watu wa Kimamba, maana wao wataongeza chumvi.

Dada yangu alitolewa kizazi Kilosa, miaka ile ya ruksa, mitumba ilipofurika na mimi nikawa na meza yangu Mikumi, kando ya barabara kuu. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na binti mmoja wa miaka minane. Tumbo lilikuwa limemjaa mpaka wambeya wakaanza kumhesabia miezi. Daktari aliyempasua aliniita pembeni akanikabidhi kopo la plastiki lenye mfuniko mwekundu. Ndani, kwenye dawa iliyoniwasha macho, mlikuwa na kipande cha ule uvimbe.

"Uvimbe wa kawaida wa kizazi nimeutoa mara nyingi," akasema. "Huwa mgumu, mweupe, kisu kinapata kazi. Huu ni laini na umeoza katikati. Siupendi. Upeleke Dar, wakaukate vipande vyembamba wautazame kwa hadubini. Bila majibu sijui kama nimemtibu dada yako au nimempasua tu. Umenielewa, binti?"

Nilimwelewa vizuri sana.

Nikapitia nyumbani Kimamba nilale, basi lilikuwa la asubuhi. Shangazi, aliyetulea tangu mama yetu afe kwa tumbo, alinusa kabla sijamaliza shikamoo.

"Umebeba nini?"

Nikamwambia. Yeye ndiye aliyezika kondo la nyuma la kila mtoto wa ua ule, nyuma ya jiko, kwa mkono wake, pasipo mwanamume kuona.

"Kitu kilichotoka kwenye kizazi cha mwanangu ni kipande tu basi? Kikakatwekatwe na wanaume wa Dar? Wee! Kikiingia mikono mibaya ukoo huu hauzai tena. Kinazikwa hapa."

Ningeweza kubisha. Mimi nabisha hata salamu. Ila kesho yake Mikumi lilikuwa linafunguliwa robota jipya la mitumba, na asiyekuwepo robota likifunguliwa huokota matambara. Nilisikia nafuu, Mungu anione. Nikashika jembe mwenyewe. Shangazi akaifunga ile nyama kwenye kipande cha kanga, tukaifukia. Kopo akalisugua kwa majivu, akawekea chumvi.

Asubuhi nilichagua sketi tano safi kabisa.

Baada ya wiki tatu dada akaniuliza. Alikuwa amekaa kitandani anamsuka binti yake.

"Mdogo wangu, majibu je?"

"Yametoka. Uvimbe wa kawaida."

Hata mate sikumeza. Dada akacheka, akalia, akaniita mkombozi wake. Yule daktari alikuwa amehamishwa, na dada hakuona sababu ya kurudi hospitali. Angerudia nini, na mimi nimeshamponya kwa mdomo?

Mwaka haukuisha akaanza kukohoa damu. Akakonda, pumzi ikawa ya kuvuta. Nilikuwa namwinua anywe uji akaninong'oneza, "Ni kifua tu hiki. Tumbo lilishapona, si ulileta majibu?" Nikamwambia anywe uji. Siku nne baadaye tukamzika.

Binti yake nikamchukua Mikumi, akaniita mama. Nilimlea kwa ukali, sitaki kudanganya. Alipofika miaka kumi na tisa alikuwa na vinundu vigumu mkononi, vimejipanga kuanzia kiwiko hadi begani, na vikiguswa na maji ya baridi alikuwa anauma meno. Dada alikuwa navyo. Mama yetu alikuwa navyo. Mimi nilikuwa namwambia, "Acha kudeka, fua nguo!"

Halafu hedhi ikawa haikatiki. Nikampeleka hospitali, nikasema ni mtoto wa marehemu dada yangu. Daktari, mama wa makamo, alimpima tumbo, akagusa uvimbe, kisha akamshika mkono akautazama kwa muda mrefu.

"Vinundu hivi na uvimbe wa kizazi wakati mwingine hutembea pamoja katika damu ya ukoo," akasema. "Mama hadi mtoto. Na mara chache hugeuka vibaya. Mama yako mzazi aliumwa nini?"

Binti akajibu haraka, tena kwa fahari. "Alikuwa na uvimbe wa kawaida, daktari. Ulipimwa Dar. Mama huyu ndiye aliyepeleka."

"Aa, kama ulipimwa, basi hatuna haraka. Njoo baada ya miezi sita." Akaanza kuandika.

Nilitaka aandike. Naapa, nilitaka amalize, tuondoke, niendelee kuitwa mama. Nikautazama ule mkono, nikamkumbuka dada alivyokuwa akiuloweka wake kwenye maji ya moto ukimuuma.

"Haukupimwa," nikasema. "Niliuzika nyuma ya jiko."

Daktari akaweka kalamu chini. Binti hakunitazama.

"Na majibu?" binti akauliza.

"Niliyatunga."

"Mama alikufa anakushukuru."

"Ndiyo."

Akavuta shuka mpaka mabegani, akamgeukia daktari.

"Nitoeni leo kipande cha uvimbe wangu, daktari. Nitakipeleka mwenyewe. Na majibu yangu asipewe mama mdogo."