Mama Behewa na Pampu ya Injini 808

Saa tatu asubuhi, Jumanne, na sebule ya Mama Behewa imeshajaa. Wazee wanne wa reli wamebanana kwenye kochi la watu watatu, wa tano amekalia ndoo iliyofudikizwa, na shemeji mtu, fundi cherehani wa nyumba ya pili, amesimama mlangoni na futi shingoni kama aliyeitwa kupima sanda. Kila mmoja ana kikombe cha chai. Kila mmoja ana la kusema.

Katikati ya chumba, juu ya meza ya chakula ambayo haijaliwa chakula tangu miezi minane iliyopita, imesimama injini ya mvuke namba 808. Ina urefu wa sentimita tisini na nne, kutoka pua hadi mkia wa behewa la makaa. Ina ngazi, taa, filimbi isiyozidi punje ya mchele, na ribiti 1,412, vile vichwa vya misumari ya kuungia bati, ambazo mwenyewe amezigonga moja moja kwa msumari butu, kutoka nyuma ya bati.

"Hiyo pampu ya breki," anasema mzee wa kwenye ndoo, "iko upande siyo."

Mama Behewa haachi kazi. Mkono wake wa kushoto umeshika chuma cha lehemu, wa kulia umeshika kibanio, na mdomo umeshika waya mbili. Anakiweka kibanio chini, anazitema waya kiganjani, na kuonyesha mlango.

"Mjomba, shikamoo kwa mara ya pili. Soma pale."

Mlangoni kuna karatasi imebandikwa, imeandikwa kwa herufi kubwa: MALALAMIKO BILA PICHA HAYAPOKELEWI.

Karatasi hiyo haikuja hivi hivi. Mwezi wa kwanza wa kazi, kila mstaafu alikuja na kumbukumbu yake. Mmoja aliapa kwamba dohani ilikuwa na pete ya shaba. Aliyefuata akaapa kwamba ilikuwa nyeusi tii. Jumatatu magurudumu yalipakwa rangi nyekundu, Jumatano yakarudishwa kuwa meusi, Ijumaa wawili nusura wakunjane mashati kwa ajili ya taa ya mbele.

"Dohani hiyo niliing'oa mara nne," anasema mama huyo mwenye umri wa miaka hamsini na minne. "Mara nne. Nikasema basi. Ni wazee wangu, nawaheshimu, lakini vichwa vyao siku hizi ni mabehewa ya mizigo mchanganyiko, huwezi kujua kipi kimepakiwa stesheni gani. Picha ndiyo haina uzee."

Na picha ipo moja tu. Imetundikwa ukutani juu ya meza, kubwa, ndani ya fremu ya mbao. Injini ya kweli ilikatwakatwa zamani ikauzwa kama chuma chakavu, na michoro yake hakuna anayejua ilikoishia. Kwenye picha hiyo 808 imesimama ubavu, namba yake ikisomeka vizuri kabisa, na penye ngazi amesimama kijana mwembamba aliyeshika beleshi la makaa kwa mkono wa kushoto. Huyo ni baba yake Mama Behewa, mpiga makaa. Alifariki binti yake akiwa na miaka mitatu.

"Sura yake naijua hapo tu," anasema. "Na ushoto wangu nimeupata kwake. Shuleni nilichapwa vidole niandike kulia, nikawa najiambia, wachape tu, mimi ni mtoto wa baba yangu."

Beleshi lenyewe bado lipo, limeegemezwa kwenye kona ya sebule. Ndilo lililompa vipimo vyote: alilipima, akalipima lile la kwenye picha kwa bikari, kisha akaitafuta injini nzima kwa hesabu hiyo, kama mtu anayepima nyumba kwa unyayo wake.

Kazi ya lehemu alifundishwa na marehemu mumewe, fundi bati. Behewa la kwanza alilitengeneza kwa kopo la biskuti ili binti yake aache kulia. Binti akanyamaza, majirani wakaanza kuagiza, jina likamganda. Mabati yake ni ya makopo ya mafuta ya kupikia. Shaba anaitoa kwenye mabomba mabovu. Vioo vya madirisha ni plastiki inayofungiwa mashati mapya, na viti vya daraja la kwanza ni mabaki ya mahameli kutoka kwa shemeji, ambaye hachoki kumkumbusha.

Behewa moja dogo la kuuza humchukua wiki mbili. "Mwezi mzuri nauza mawili," anasema. "Mwezi mbaya nauza maneno."

Ndiyo maana Jumamosi hii anaisubiri kwa roho mkononi. Wastaafu wanafungua chumba cha kumbukumbu kwenye kantini ya zamani ya stesheni, na 808 ndiyo itakayokaa katikati. Wazee waliowahi kuifanyia kazi injini hiyo wakiikubali, watampa stoo iliyo ubavuni mwa kantini iwe karakana yake, na kumwagiza mabehewa sita ya kuifuata.

"Stoo ina kufuli," anasema, na kulitamka neno kufuli kama watu wanavyotamka jina la mchumba. "Kufuli, jamani. Nifunge, nifanye kazi, nirudi nyumbani nile mezani kama binadamu."

Sasa, siku nne kabla, pampu.

Mzee wa kwenye ndoo si mgeni wa kawaida. Ni kaka wa mama yake, ana miaka themanini na moja, na aliiendesha 808 kwa miaka kumi na tisa. Amefika juzi kwa ajili ya sherehe. Picha ile ameipita mara nyingi akija misiba na harusi, lakini kwa macho yenye ukungu. Ana miezi miwili tu tangu apasuliwe mtoto wa jicho.

"Mimi nilikaa dirisha la kulia," anasema. "Wewe umeniweka kushoto. Pampu ilikuwa upande wa kushoto, wewe umeiweka kulia. Hivi dereva gani angekubali kukaa na ile pampu? Ilikuwa inakohoa kama mkwe anayetaka kuhudumiwa."

"Mjomba, picha hiyo hapo. Nimeifuata hatua kwa hatua."

"Na kiwiko hiki hapa." Anakunja mkono wa shati. Kiwiko cha kulia kina sugu jeusi, gumu kama kisigino. "Miaka kumi na tisa dirishani. Hebu niambie kilipata wapi sugu, kwenye kitanda cha mkaza mjomba wako?"

Kochi zima linacheka. Mama Behewa hacheki.

"Kiwiko si picha," anasema. "Wote mna viwiko. Nikianza kupokea viwiko hapa sitamaliza mwaka kesho."

"Mwanangu, sina sababu ya kukudanganya."

"Sijasema unadanganya, Mjomba. Nasema umesahau. Kuna dhambi gani? Hata mimi jana nimetafuta miwani nimeivaa."

Hapo ndipo shemeji anapojitosa. Amekuwa akiitazama picha muda wote huo, kichwa kimeinama upande, kama anavyofanya mteja anapomwambia nguo imembana.

"Shemeji," anasema, "samahani. Mzee alikuwa anavaa blauzi?"

"Umeanza."

"Nauliza kwa heshima. Shati la mwanamume, vifungo hukaa upande wake wa kulia, na kushoto ndiko kunakopita juu. Blauzi ni kinyume. Nimeshona miaka thelathini, mtu akiniletea shati kama hili nalitundika kwenye kamba ya nguo za wanawake. Na angalia mfuko. Nani anaweka mfuko wa kalamu kulia?"

Wazee wananyanyuka mmoja mmoja, magoti yakilia, wanajikusanya chini ya fremu.

"Picha imesafishwa kinyume," anasema mmoja polepole. "Filamu iliwekwa mgongo mbele."

"Haiwezekani," anasema Mama Behewa. "Namba je? Si ingesomeka kinyume?"

Anaitazama namba. 808. Nane, sifuri, nane. Ukiitazama kutoka mbele ni hiyo hiyo, ukiitazama kwenye kioo ni hiyo hiyo.

"Ingekuwa 807," anasema baadaye, "ningeona siku ya kwanza. Hata mtoto angeona. Injini zote za reli hii zimeisha, mimi nikapewa hii."

Lakini hayo ni ya baadaye. Anakwenda kwenye kona na kulichukua beleshi. Amelipima mara zisizo na idadi, lakini kulishika kama mtu wa kazi hajawahi. Kwenye mpini, pale unapokamatwa kwa juu, kuna kishimo laini kilicholiwa na kidole gumba. Analishika kwa kushoto. Kidole chake kinaangukia kwenye mbao ngumu, upande mwingine. Anabadilisha mkono. Kidole cha kulia kinalala kwenye kishimo kama yai kwenye kiota.

Anajaribu tena kushoto, anarudi kulia.

"Hakuwa shoto," anasema.

"Nani, shemeji yangu?" Mjomba anamshangaa. "Baba yako? Hapana, mama. Nani alikwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Aliambiwa na ukuta.

Mtu mwingine angelia. Mama Behewa alipandisha hasira. Alianza na mpiga picha wa wakati huo, ambaye kwa vyovyote ni marehemu, akamwombea kwa Mungu asipumzike kwanza. Akahamia kwa wazee wa kochini, ambao kwa miezi minane walimaliza majani ya chai wakigombania pete ya dohani, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba dereva amekaa upande wa mpiga makaa.

"Tulisema," alijitetea mmoja. "Mwezi wa pili. Ukasema soma mlangoni."

Jibu hilo lilimkata maini. Aliwakusanyia vikombe, vingine vikiwa na chai ndani, akawatoa wote, shemeji na mjomba wakiwemo, akafunga mlango kwa komeo. Mtaa unasema haijawahi kutokea.

Angeweza kuiacha ilivyo. Shemeji, akiongea kupitia dirishani, alimpa ushauri huo huo: wageni watakaokuja Jumamosi wataona injini nzuri, watapiga picha, watakwenda zao. Nani atajua?

"Watajua tisa," alimjibu. "Waliobaki hai walioifanyia kazi ni tisa. Hao ndio wenyewe. Hao wengine wanakuja kunywa soda."

Kwa bahati, injini ni kama mtu. Miguu na macho ni sawa pande zote mbili, maini ndiyo yako upande mmoja. Boila, magurudumu na dohani havikuguswa. Lakini pampu, kiti cha dereva, fimbo ya kurudisha nyuma na kamba ya filimbi vyote vilihama. Kila kilichong'oka kiliacha tundu, na kila tundu lilitaka kiraka cha bati chenye ribiti zake. Ribiti mpya zilikuwa 212. Siku tatu hakuna aliyeingia, na majirani wanasema walisikia msumari ukigonga, kisha kimya, kisha sauti ya mtu anayegombana peke yake.

"Ukweli nao niuseme," anakiri. "Kimya kile kilinichosha. Siku ya pili niligeuka kumwambia mtu anipishe, nikakuta hakuna mtu."

Jumamosi, saa mbili asubuhi, komeo linafunguliwa. Wazee wameshajipanga uani wakiwa na makoti. Anayeingia wa kwanza ni Mjomba. Anaizunguka meza, mkono mmoja ukiwa umeshika ukingo, anainama upande wa kulia mpaka jicho lake linakuwa sawa na kidirisha cha dereva, kisha anakiweka kiwiko chake juu ya meza, pembeni ya injini, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake.

"Hapa," anasema.

Anabaki ameinama muda mrefu hadi Mama Behewa anamsogezea ile ndoo.

Picha ya ukutani nayo imerekebishwa. Shemeji ameitoa kwenye fremu, akabandika kioo kidogo cha kunyolea mkabala nayo, ili anayetaka kumwona mpiga makaa kama alivyokuwa amtazame kiooni. Kwenye kioo amelishika beleshi kwa mkono wa kulia, na shati lake ni la kiume.

"Nimemzoea tena," anasema Mama Behewa akiifunika injini kwa shuka ya safari. "Ilinichukua siku mbili. Ushoto ni wangu mwenyewe, basi, sikuurithi kwa mtu. Mjukuu wangu naye anashika kijiko kwa kushoto. Huyo angalau tunajua kautoa wapi."

Wazee tisa wameshaipitisha 808 pale pale mezani, kabla haijafika kantini, na ufunguo wa stoo uko mfukoni mwake. Jumatatu anahamisha jiliwa lake la kubania vyuma, na tupa. Behewa la kwanza la yale sita litakuwa la daraja la tatu, lenye mabenchi ya mbao, kwa sababu ndilo watu wengi walilopanda. Anataka liwe na milango inayofunguka, na kikofia kimoja kilichosahauliwa juu ya benchi.

"Viti vya daraja la tatu vilikuwa na vipande vinne vya mbao," anasema mzee mmoja, akisaidia kubeba.

"Vitano," anasema mwingine.

Mama Behewa anaiweka injini chini, anafuta mikono kwenye kanga, anarudi ndani na kalamu. Anapotoka, karatasi ya mlangoni imeongezwa mstari wa pili: NA PICHA IPITE KWA FUNDI CHEREHANI KWANZA.