Swali Nililolizima Kwenye Kompyuta

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya mradi wa mifugo, Karagwe. Tulikuwa na kompyuta moja ya kutumia jenereta, na walioruhusiwa kuigusa ni mimi na bwana mifugo tu. Yeye alitembelea kaya zilizoomba ng'ombe wa maziwa, kisha akaandika orodha na kuweka maoni yake kwenye kila jina. Maoni hayo yalikuwa ya ofisini. Kwenye kioo yalionekana kama alama ndogo ya njano tu, mpaka uifungue.

Kila nilipotaka kuchapisha, kidirisha kilichomoza kikiuliza kwa Kiingereza: faili hili lina maoni ya watu, yachapishwe pia? Nabofya Hapana. Nakala ya pili, swali lile lile. Ya tatu, ya nne. Siku moja, mafuta ya jenereta yamebaki kidogo na dereva ananipigia honi nje, nikaona chini ya swali kiboksi kimeandikwa: usiulize tena. Nikakitia alama, na kwa haraka nikabofya Ndiyo, nikidhani nakubali kisiniulize tena. Kweli, hakikurudi. Nilifurahi! Nikabana karatasi kwa pini bila kuzitazama, dereva akazipeleka kubandikwa kwenye ofisi za kata.

Baada ya siku mbili nilichukua nakala yetu niiweke kwenye jalada. Orodha ilikuwa na kurasa mbili. Mkononi nilikuwa na tatu.

Ya tatu ilikuwa maoni yote, na majina yake. Mstari wa nne, mama mmoja wa Nyakakika: "Ameathirika, hata kwao hawajui. Apewe mbuzi, hataweza kumkatia ng'ombe majani."

Nilisoma tena, kama vile maneno yangebadilika. Wakati ule kuitwa mwathirika, yaani mwenye UKIMWI, kulikuwa sawa na kuchimbiwa kaburi ukiwa hai. Nilimfuata dereva, akanipakia kwenye pikipiki.

Tulipofika ofisi ya kata ya Nyakakika, karatasi zilikuwa ubaoni, na mwanamume mmoja alikuwa anawasomea wenzake, akiwafafanulia kwa Kinyambo. Nikazichana.

"Wewe dada, unachana tangazo la watu?"

"Limekosewa."

"Sasa limekosewa nini? Huyo mama aliyeathirika mwenyewe kapita hapa asubuhi, tumemsomea."

Dereva ndiye aliyeuliza njia.

Tulimkuta jikoni, nyuma ya migomba, anamenya ndizi. Alikuwa mwembamba, si mzee. Nilipiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mimi ndiye niliyechapisha ile karatasi. Kosa ni langu. Naomba unisamehe."

Kisu kilisimama. "Nilimwambia yule bwana peke yake," alisema taratibu, "tena ndani, mlango umefungwa. Aliniuliza kwa nini sitaweza kukata majani. Sikutaka kumdanganya." Akaendelea kumenya. Sikujua kama niondoke au nibaki. Nilibaki hadi dereva akaniita.

Ofisini nilirekebisha mipangilio ya kompyuta, swali likarudi. Mkuu wangu alinipa barua ya onyo. Bwana mifugo hakunipa hata salamu kwa wiki nzima.

Siku ya kugawa mifugo sikumtarajia yule mama. Alikuja, amevaa kitenge kipya, yuko na dada yake aliyetoka Bugomora. Watu walimpisha kwa namna inayoumiza kuitazama. Jina lake liliposomwa, akaletewa mbuzi, hakushika kamba.

"Mmenitangazia ugonjwa wangu kata nzima," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Sina cha kuficha tena. Dada yangu amehamia kwangu, ana mikono miwili mizima. Nipeni ng'ombe niliyeomba."

Mkuu wangu alimtazama bwana mifugo, bwana mifugo akatazama chini. Kisha bwana mifugo akaenda mwenyewe kumfungua ng'ombe mtamba, akamkabidhi dada mtu kamba.

Mama yule aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Maziwa aliyanywa. Nilipita kwake mara nyingi nikiwa na hiki au kile, akanipokea, akanikaribisha kiti. Hakuwahi kusema kwamba amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba mara ya pili.