Tairi Limeingia, Limetokea Wapi?

Daktari wa zahanati yetu aliposema presha yangu imepanda na vidonge peke yake havitatosha, nilimwamini. Aliposema nifanye mazoezi, nilimwamini nusu. Aliposema lipo kundi linaloendesha baiskeli kila Jumamosi alfajiri, na yeye mwenyewe yumo, nikamtazama vizuri. Daktari gani anamwandikia mgonjwa dawa halafu anajialika kuinywa pamoja naye?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Gorong'a, na kushuku watu ni kazi ninayoifanya bila mshahara. Mtoto akiniambia daftari limeliwa na mbuzi, naomba nimwone huyo mbuzi. Kwa hiyo kundi sikujiunga nalo mara moja. Nilianza peke yangu.

Baiskeli ilikuwa stoo, nyuma ya magunia. Ni ya mume wangu, lakini yeye anafanya kazi kwenye hoteli ya watalii huko Ikoma, karibu na geti la hifadhi, na huwa nyumbani siku chache tu za likizo. Nikiwa msichana niliendesha sana. Nilipeleka mahindi mashineni, nilikwenda sekondari, nilishuka vilima nimeachia breki huku mama yangu akinipigia kelele. Nilipoolewa nikaacha, na wala hakuna aliyenikataza. Siku niliyoipanda tena, nimevaa suruali chini ya gauni, niliyumba mpaka kwenye mahindi ya jirani. Jirani alicheka. Nami nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika, kwa sababu nilidhani miguu yangu ingekumbuka.

Baada ya wiki chache ilikumbuka. Nikawa nakwenda kwa baiskeli shuleni na kurudi. Usingizi ukanirudia, magoti yakaacha kulalamika, na nikifika darasani nilikuwa mchangamfu hadi wanafunzi wakaanza kuogopa. Nilifurahi, nasema wazi. Ilikuwa miaka sijafanya jambo ambalo ni langu tu.

Shida ni kwamba huku kwetu baiskeli inabeba. Inabeba ndizi, madumu ya maziwa, gunia la mkaa, mgonjwa. Baiskeli inayotoka tupu na kurudi tupu ina jambo. Wanawake walinisimamisha njiani.

"Mwalimu, umepeleka nini?"

"Sijapeleka kitu."

"Umefuata nini basi?"

"Sijafuata kitu. Nafanya mazoezi."

"Haya."

Hiyo "haya" naijua. Hata mimi huitumia.

Kipupwe kilipoingia, na ukungu ukawa unakaa mabondeni hadi jua lipande, kuendesha peke yangu alfajiri kukanitisha. Ndipo nilipojiunga na kundi. Tulikuwa wanne: daktari, mwenye duka la pembejeo, mwalimu mwenzangu ambaye hajaoa, na mimi. Tulielekea njia ya Nyamwaga, tumevaa masweta na kofia za mzura zilizoshuka hadi kwenye nyusi, pumzi zikitoka moshi. Aliyetangulia aliukata upepo, waliofuata wakajificha nyuma yake, kisha tukabadilishana. Wale wanaume waliponiachia zamu ya mbele nilihisi wananipima. Walipokataa kuniachia nilihisi wananidharau. Hawakuwa na njia ya kuniridhisha.

Lakini aliyenikosesha raha hasa alikuwa mama mkwe.

Tunaishi boma moja, nyumba mbili. Ni mjane, na marehemu mume wake alikuwa mtu wa kuitwa ng'ombe wakiibwa. Kwa Wakurya ng'ombe wakiibwa nyayo zinafuatwa. Wenye ng'ombe wanazifuata hadi mpaka wa kijiji cha jirani, kisha wanawaambia watu wa pale: nyayo zimeingia kwenu, tuonyesheni zilipotokea upande wa pili. Wakishindwa kuonyesha, ng'ombe wanalipwa na wao. Mama mkwe aliishi na shughuli hiyo ndani ya nyumba yake ujana wote. Sasa kila nilipotoka na baiskeli nilimwona akiinama pale langoni, mikono nyuma, anatazama alama ya tairi kwenye udongo wenye umande. Nilimwamkia shikamoo, akajibu marahaba bila kuinua macho.

Jumamosi mbili nilimwona kwa mbali, mwanamke mwenye fimbo na shuka begani, anatembea kwenye njia niliyopita. Nikajiambia anakwenda kwa ndugu zake. Sikujiamini hata kidogo. Anaponiita mwanangu tuko salama. Siku hizo alikuwa akiniita mwalimu.

Nilijua anachotafuta, na nilijua akikipata kitatokea nini. Ng'ombe wa mahari waliotolewa kwetu wangeanza kuzungumziwa. Ningerudishwa kwa baba yangu na sanduku langu, na watoto wangu wangebaki katika boma lile kwa sababu ni wa ukoo ule. Hilo ndilo lililokuwa linaning'inia juu ya kichwa changu kila nilipokanyaga pedeli, na bado nilikanyaga. Sikuwa na mwanaume. Niache kwa kosa lipi?

Basi Jumamosi moja, manyunyu yameloanisha barabara, tairi la mbele likapata pancha tukiwa tunarudi kwa njia nyingine. Mwalimu mwenzangu anakaa karibu na gulio, nyumba ya kupanga, na ana vifaa vya kuziba. Daktari na mwenye duka wakaagana nasi njia panda. Nikaikokota baiskeli hadi uani kwake, akaziba, ikavuja, akaziba tena, ikavuja. Nikaiacha palepale, imegeuzwa juu chini, nikasimamisha bodaboda barabarani nikaenda nyumbani kupika uji.

Jua lilikuwa limepanda na vyombo vya uji nimeshaviosha, jirani yangu akaingia anahema. "Mwalimu, kimbia. Mama yako ameshika nyayo."

"Nyayo za ng'ombe gani?"

"Za kwako."

Mama mkwe alikuwa ameanzia langoni petu. Alipofika mwisho wa kitongoji chetu aliwaita watu wa kitongoji cha pili akawaambia, kwa maneno yaleyale ya ng'ombe, kwamba tairi limeingia kwao, wamwonyeshe lilipotokea. Watu walicheka kwanza. Halafu, Wakurya kama walivyo, wakainama wakaanza kutafuta. Kitongoji kikakabidhi kwa kitongoji. Waliishika njia yote ya kwenda na ya kurudi, na nilipofika kwa mwalimu, umati umejaa nje ya ua wake, yeye amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, na mama mkwe yuko mbele na fimbo yake.

"Tairi limeingia hapa," alisema. "Limetokea wapi?"

"Shikamoo mama," akajibu mwalimu mwenzangu. "Halijatoka. Lina pancha."

Watu waliangua kicheko, lakini kilikuwa kicheko kibaya. Mwanamke ameingia kwa kapera asubuhi na baiskeli yake haijatoka. Nani angehitaji kuelezwa zaidi? Nilijieleza. Kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyosikika kama yule mtoto na mbuzi wake. Mwenyekiti wa kitongoji akasema hilo si lake, ni la ukoo, mume aitwe.

Mume wangu alifika Jumatatu na gari la mizigo. Alinisalimia kama mtu anayesalimia mapokezi. Tulikaa sebuleni: yeye, baba zake wadogo, mama mkwe, na mimi kwenye kigoda karibu na mlango. Mkubwa wa hao baba wadogo akamwambia mama mkwe aseme alichoona. Niliwaza watoto.

Mama mkwe alikunjua shuka lake akalikunja tena.

"Nimemfuata huyu tangu baridi ianze," alisema. "Nimefuata shuleni. Nimefuata mpaka njia ya Nyamwaga, miguu ikavimba. Anakwenda, anageuka, anarudi. Ni upuuzi, lakini ni huo tu. Jumamosi nimewaita watu wote waone kwa macho yao, maana nyayo nikifuata peke yangu watasema nimemfichia. Zimefika mwisho. Mwisho wake ni pancha. Hata mpira nimeutia maji, nimeona unatoa povu."

Wazee wakaguna. Mmoja akauliza, kama hakuona kitu, kwa nini aliendelea kufuata.

"Kwa sababu nilichoka kuulizwa," alisema. Hakunitazama mimi. Alimtazama mwanawe. "Kila wiki, mama, anakwenda wapi. Nikimwambia hakuna kitu, anasema angalia tena. Sasa nimeangalia na vitongoji vyote. Uliza wengine."

Miezi yote ile nilikuwa namchukia mtu aliyekuwa ananitetea kwa miguu yake, na aliyemtuma nilikuwa nampigia pasi mashati kila likizo. Nilijisikia mjinga, kisha nikasikia hasira, na hasira ikakaa.

Wazee walikunywa chai wakaondoka. Mume wangu alinifuata uani, nilikokwenda kusuuza vikombe. Aliokota kimoja akakigeuzageuza.

"Nilitaka tu niwe na uhakika," alisema.

"Umeupata?"

"Nimeupata. Yameisha."

Alitabasamu, na nadhani alitegemea nami nitabasamu. Akaanza kueleza kwamba mtu akikaa mbali anawaza mengi, kwamba huko kazini wanaume wanasimuliana mambo ya wake zao, kwamba hata mimi ningekuwa mahali pake ningeuliza. Nilisuuza kikombe kilichokuwa safi tayari. Kwa miaka yote ya ndoa yetu, mimi ninayeshuku kila kiumbe, sikuwahi kumshuku yeye. Akisema wageni wamechelewa, wamechelewa. Akisema likizo imesogezwa, imesogezwa. Akisema usiku amekosa gari la wafanyakazi, amelikosa. Sasa nilikuwa nimesimama na kikombe mkononi najiuliza mtu anapata wapi mawazo kama hayo kuhusu mwenzake, na ni mambo gani hasa hayo wanayosimuliana.

"Siku zile unazokosa gari la kurudi kwenye nyumba za wafanyakazi," nikamuuliza, "huwa unalala wapi?"

Aliokota kikombe kingine akaanza kukisuuza, nacho kilikuwa safi tayari.