Simenti chini ya mparachichi

Tulipohama kambi ya wakimbizi ya Nakivale kuja Mbarara mjini, mke wangu alipata pa kuweka cherehani chini ya mparachichi wa kando ya barabara. Kibanda hakuwa nacho. Kivuli cha ule mti ndicho kilikuwa kibanda. Mwenye nyumba iliyo nyuma ya mti alimwambia wazi: mti ukiwapo, kaa, ukifa, najenga duka.

Kwa hiyo nilipopata kibarua cha kupanga matofali ya njia ya waenda kwa miguu mtaa uleule, nilijiona mlinzi wa mti huo. Nina shahada ya historia. Kazi yangu ilikuwa kubeba mchanga. Fundi, Mnyankole asiye na maneno mengi, alizungushia shina matofali, akaacha mianya ya upana wa kidole na kuijaza kokoto.

"Hapo simenti hapana," aliniambia. "Maji inapita, mti inakunywa."

Wapita njia hawakumsikia. "Wakimbizi wamekula simenti!" alicheka mwendesha boda mmoja. "Ona mashimo!"

Nimeitwa mengi, lakini mwizi wa simenti lilinichoma. Fundi alipokwenda msibani Kaberebere, nilikoroga simenti, nikaziba kila mwanya, nikalainisha kwa mwiko hadi pakang'aa. Yule wa boda akanisifu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mhandisi.

Mvua zikaja. Maji yaliteleza juu ya matofali yakaishia mtaroni, na majani yakaanza kupukutikia cherehani.

"Baba, huu muti unakufa," alisema mke wangu. "Uliufanya nini?"

Nilimweleza habari za ukame. Msomi hakosi maelezo.

"Ukame gani, na vitambaa vyangu vinalowana kila siku?"

Ndipo nikakiri. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alikwenda kwa jirani, akarudi na nyundo na patasi, akaziweka miguuni pangu.

Wiki ya pili sasa nagonga. Sijawahi kufanya kazi imara kama ile ya kuziba mianya. Fundi alipita, akachuchumaa, akakwangua gome kwa kucha. Upande mmoja ni mkavu kabisa. Upande wa pili bado kuna ukijani kidogo.

"Umechelewa, ssebo," alisema, akiniita bwana kwa lugha yake. "Lakini toa tu."

Jana mwenye nyumba alikuja na mtu mwenye kamba. Walipima kutoka ukutani hadi kwenye shina, wakaniomba nisogee kidogo ili kamba inyooke. Nikasogea. Mke wangu alikuwa juani akitia zipu kwenye sketi ya mteja, hakuinua kichwa. Walipomaliza kupima, nilirudi kwenye mwanya wangu, nikagonga.