Mkato Ulioshonwa kwenye Kitambaa

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alifanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja Kimihurura. Niliponunua cherehani ya kutarizi inayoongozwa na kompyuta, alijitolea kuniandikia programu kwa Python, lugha ya kuiagizia kompyuta kazi. Sikufurahi. Mtu anayekusaidia bure huwa ana lake jambo, na zaidi ya mara moja alikwisha kusema kwamba duka langu la Batsinda lingefaa liwe la watu wawili.

Mwanzoni aliandika orodha: "Karibu", "Upendo", "Amani", na baada ya kila neno alama ya mkato, hata la mwisho. Nikamuuliza huo wa mwisho unasubiri nini.

"Hauna neno, wifi. Kesho nikiongeza neno jingine nitaukuta tayari upo."

Kweli cherehani ikatarizi vizuri, ingawa mkato ule niliendelea kuutazama kwa jicho la pembeni.

Kisha mteja wa Kagarama akaleta vitambaa vya makochi, anataka "Amani" peke yake. Wifi akabadilisha programu, akaenda zake. Nilipowasha, kitambaa cha kwanza kikatoka hivi: ('Amani',). Niliyaangalia mabano yale kama mtu aliyekuta hirizi chini ya mto. Nikampigia.

"Umeniandikia nini hapa?"

"Kwani kuna nini?"

"Njoo ujionee."

Alikuja jioni. Nilisimama nyuma yake nikifuatilia kila kidole. Akanionyesha alivyolitoa neno kwenye orodha akaliweka peke yake, na mkato wake ukalifuata:

neno = "Amani",

"Ndani ya orodha, mkato wa mwisho haubadilishi kitu," alisema. "Huku nje unaligeuza neno kuwa fungu lenye kitu kimoja. Tunaliita tuple. Python ikiliandika, inaweka mabano."

"Mkato uleule? Kule kimya, huku unasema?"

"Uleule."

"Nionyeshe."

Akaufuta, tukatarizi kwenye kitambaa kikuukuu, neno likatoka peke yake, safi. Akaurudisha, mabano yakarudi. Akaliingiza neno kwenye orodha pamoja na mkato wake, safi tena. Hapo nikamvutia kiti.

Nilizifumua alama za kile kitambaa cha kwanza kwa wembe, yeye akininyooshea kitambaa. Mteja alipokuja alipitisha kidole kando ya neno, penye vitundu vya sindano.

"Hapa ilikuwa iko nini?"

"Nilikuwa najaribu mashine."

Akanitazama, kisha akavigeuza vitambaa vingine kimoja kimoja kabla ya kuvikunja.