Matairi ya Kwenda Sapiwi

Safari hii ilianza kwa ujumbe wa mdomo. Mayu Kabula, yaani Mama Kabula kwa Kisukuma, mfugaji wa upande wa Sapiwi, alimwagiza mtu aliyekuja kupokea mzigo stesheni ya Malampaka aniambie kwamba ng'ombe wa majirani zake wameanza kutoka mapele ya ngozi. Wake walikuwa bado wazima. Alitaka wachanjwe kabla mvua hazijaleta inzi wengi, maana inzi ndio wanaoutoa ugonjwa huo zizi hili na kuupeleka zizi lile.

Miaka ya nyuma ujumbe kama huo ungekwenda ofisini, na ofisi ingetuma gari. Lakini ofisi ya mifugo ilikuwa imepunguza watu, nami nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Tuliambiwa kwamba sasa huduma zitatolewa na watu binafsi, kwa hiyo nikaamka asubuhi moja nikiwa mtu binafsi. Nilikuwa na sindano zangu, deli la kubebea chanjo kwenye barafu, na pikipiki kuukuu ya ofisi niliyoipata kwenye mnada. Matairi yake yalikuwa vipara.

Malampaka. Enzi za vibali mtu hakuchagua tairi. Ulipewa lililokuja, ukashukuru. Sasa matairi yalining'inia madukani kama mikungu ya ndizi, kila moja na sura yake, nami sikuwa nimezoea kuulizwa ninataka lipi. Nikachagua yenye kashata kubwa kuliko yote, vipande vya mpira vilivyochomoza kama magego na kubanana. Nilijiambia kuwa tope linataka meno. Nikafunga mbele na nyuma, nikasubiri treni ya kutoka Mwanza iniletee chanjo na barafu.

Kulipopambazuka siku iliyofuata nilikuwa barabarani, deli nimelikaza kwa mpira nyuma ya kiti. Chanjo yenyewe ni ya vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Ikipata joto inakufa, na ikifa haina tofauti na maji ya kisima. Barafu ndiyo iliyokuwa saa yangu.

Kati ya Malampaka na Maswa barabara ni moramu ngumu, na hapo ndipo matairi yangu yalipoanza kunichosha. Kashata kubwa hazikai juu ya barabara ngumu, zinaidunda. Usukani ulitetemeka mpaka vidole vikafa ganzi. Kwenye kona zenye changarawe pikipiki ilielea kama inakanyaga mtama uliomwagika. Nikapunguza mwendo, nikapunguza tena. Waendesha baiskeli waliobeba mkaa nikawa napishana nao mara mbilimbili: nawapita mimi, nasimama kupumzisha mikono, wananipita wao.

"Mzee, hicho chombo kinakunywa mafuta au kinakula ugali?" mmoja aliniuliza, akanipita tena.

Bariadi niliingia jua likiwa limepanda sana. Nilitaka kuongeza barafu kwenye hoteli moja yenye friji, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake na soda zilikuwa za moto. Nilifungua deli kidogo, nikaona barafu imebaki nusu. Nikafunga na kuondoka bila kunywa hata chai.

Kuelekea Sapiwi mvua ilikuwa imenyesha usiku. Udongo wa huko ni ule mweusi wa mbuga, unaokuza pamba vizuri na kukamata kila kinachopita juu yake. Hatua za kwanza zilinipa moyo, kashata zikauma tope kama nilivyotaka. Kisha zikakataa kulitema. Tope lilijaa kati ya kipande na kipande mpaka tairi likawa duara laini jeusi, likapanda hadi chini ya madgadi, likajibana. Gurudumu la mbele likagoma kuzunguka. Nilikokota pikipiki kama mtu anayemvuta ndama asiyetaka kwenda mnadani.

Katika shamba la pamba kando ya njia, kundi la watu lilikuwa likipalilia kwa mpigo wa ngoma, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Mpiga ngoma aliponiona akabadilisha mpigo, wote wakacheka. Wakaja, wakanyanyua pikipiki nzima nzima na kuiweka kwenye nyasi, wakaanza kukwangua tope kwa majembe.

"Mwangaluka, baba," alisema mama mmoja aliyefunga kitenge kichwani, ingawa asubuhi ilikuwa imeshapita. "Pikipiki yako umeivalisha viatu vya nani?"

"Vya tope, mayu."

"Tope gani? La kwenu?"

Nilipotaka kuondoka akanipa jembe. Huko, anayesaidiwa na kundi linalolima kwa ngoma hulima nalo mstari mmoja kabla ya kushika njia. Kukataa ni kuwaambia kuwa jasho lao si kitu. Nilifikiria barafu, nikaangalia nyuso zao, nikalima. Nililima vibaya, na mpiga ngoma alihakikisha kila mtu anajua.

Nilipoinua mgongo mwisho wa mstari, niliona kitu ambacho nisingekiona nikiwa juu ya kiti. Kwenye tope la njia palikuwa na alama ya tairi la pikipiki nyingine.

"Huyo ni mwalimu wa dini," yule mama alisema. "Amepita asubuhi akienda kubatiza. Hakusimama, hata kutusalimia alitusalimia anakwenda."

Nikachuchumaa. Alama ilikuwa safi, haikuzibwa na tope. Kashata zilikuwa fupi, bapa juu, zimeachana. Vidole vyangu viwili vililala vizuri kwenye nafasi kati ya moja na nyingine. Katikati ya tairi vipande vilikaribiana, pembeni vikaachana zaidi. Nilitazama matairi yangu yenye magego yaliyoziba, nikajisikia kuchoka upya.

Kwa Mayu Kabula nilifika jua linashuka. Ng'ombe walikuwa zizini tangu asubuhi, hawajachungwa wala kunyweshwa. Majirani wawili watatu walikuwa wameleta wa kwao pia. Mlio wa ng'ombe niliusikia kabla sijaona nyumba. Nilifungua deli mbele ya watu wote. Barafu haikuwepo. Chupa zilikuwa zinaelea kwenye maji ya vuguvugu.

"Siwezi kuchanja," nikasema. "Chanjo imekufa."

Masunga, shemeji yake Kabula, mtu mrefu mwenye fimbo, alisogea. "Imekufa vipi? Mimi naiona humo chupani."

"Imepata joto, mzee."

"Choma hivyo hivyo. Siku za serikali tulichomewa, hakuna aliyetuonyesha barafu."

"Nikichoma maji, mtaamini mmekingwa. Mtawachanganya na wagonjwa wa jirani malishoni."

"Wameshinda njaa kwa ajili yako, daktari."

Nilifungua chupa moja baada ya nyingine, nikamwaga kwenye shimo la majivu. Majirani wakaswaga ng'ombe wao wakaenda zao. Masunga alilitazama shimo, kisha pikipiki, kisha mimi, akaenda kufungua zizi.

Kabula hakunifukuza. Alinipa ugali wa mtama na maziwa mgando, akakaa kwenye kigoda mbele yangu akinitazama ninavyokula.

"Utarudi?" akauliza.

"Nitarudi, mayu."

"Ukirudi, hilo deli nitalifungua mimi. Si wewe."

Bariadi tena, safari ya kurudi. Niliingia duka la vipuri la kijana aitwaye Shija, nikamwomba anishushie matairi yote ya saizi yangu. Nikawa naingiza vidole viwili kati ya kashata, tairi baada ya tairi.

"Baba, unanunua tairi au unapima mchumba pete?" Shija aliuliza. Wateja wakacheka.

Nikamweleza njia: moramu, changarawe, halafu mbuga. Akaacha kucheka. "Basi usitake la tope tupu wala la lami tupu. Ukitaka lote, hupati lote. Hili la katikati litakunyima kidogo kila mahali."

Lilikuwa kwenye ndoano ya nyuma, lina vumbi. Kashata fupi, bapa, zimeachana. Nikachukua mawili. Fundi wake akainua madgadi ya mbele ili tope lipate pa kutokea. Yale ya magego nikamwachia Shija aone kama atapata mtu wa kuyabeba.

Safari ya pili niliianza mara tu treni ilipoleta chanjo nyingine. Sina mengi ya kusimulia, na hilo lenyewe ni habari. Kwenye moramu pikipiki haikupaa, lakini ilishika njia. Bariadi sikusimama. Kwenye mbuga iliyumba kama mlevi anayejua kwao, nikapunguza gia, tope likaingia kati ya kashata na kurushwa nje, likanipaka mgongo wote. Shambani kwa wale wapaliliaji niliwapungia mkono nikiwa nakwenda. Ngoma ikajibu.

Kwa Mayu Kabula jua lilikuwa bado juu. Alilitoa deli kwenye kiti mwenyewe, akalitua chini, akalifungua, akazamisha mkono. Akatoa kipande cha barafu kikubwa kama yai, akakishika mpaka uso ukakunjamana.

"Inang'ata," akasema. Akaligeukia zizi. "Haya, kamateni ng'ombe!"

Walikuwa wake peke yake. Majirani hawakuleta. Na chini ya mgunga nyuma ya nyumba, mbali na wengine, alifungwa dume mmoja wa plau, mapele yamemjaa shingoni na mabegani, mguu umevimba. Alikuwa wa Masunga. Nilikwenda kumtazama, nikarudi. Huyo hakuwa wa kuchanjwa tena.

Nilipomaliza na kuanza kuosha sindano, nilimwona Masunga amechuchumaa karibu na pikipiki. Alikuwa ameingiza vidole viwili kati ya kashata, kama nilivyofanya mimi njiani.

"Haya matairi," akauliza bila kuniangalia, "yalitengenezwa juzi?"

"Hapana, mzee. Yalikuwepo dukani siku zote."

Akatoa vidole, akayafuta matope kwenye nyasi, akaenda kumtekea dume wake maji.

Nimeandika haya kwa wenzangu mnaotembelea njia hizi kwa pikipiki. Kabla ya kuchagua tairi, shukeni mkaitazame njia yote, kuanzia mlangoni kwenu hadi kwenye zizi mnalokwenda. Mimi niliitazama nikiwa nimeshachelewa, na aliyecheleweshewa chanjo kwa sababu yangu alikuwa amefungwa chini ya mgunga.