Mashine Ilipovikataa Vidole Vyangu

Mikono hii imepasua magogo Ugalla na kubeba magunia stesheni ya Mpanda, na haikuwahi kulalamika. Shule niliishia darasa la nne, lakini steshenari ninayotolea kopi leo mjini ni yangu, sikurithi kwa mtu. Sasa niambieni, karatasi nyepesi vile zimewezaje kunishinda? Kutwa zinanyonya mafuta ya vidole, na kiangazi kikifika vinakauka na kupasuka. Nikipaka mafuta, yanachafua vyeti vya watu. Nisipopaka, damu ndiyo inavichafua.

Mwaka huu nilipoteza simu, nikaenda na mke wangu duka la simu kurudisha laini, ile ambayo wateja wangu wote wanaijua. Binti wa pale akaniambia niweke kidole gumba kwenye mashine. Ikagoma. Tukajaribu vingine, mkono huu na huu, ikagoma.

"Baba, mbona kama huna vidole?"

"Mimi? Uliza mji mzima!"

"Mashine haiulizi mji, baba. Inatafuta alama, na zako zimefutika."

Mke wangu akadakia, "Si nilikwambia upake glisirini ukilala? Ukasema mambo ya wanawake."

Kikabaki kidole cha mwisho cha kushoto, ambacho hakigusi karatasi wala hakijawahi kunifanyia kazi ya maana. Mashine ikakikubali hapo hapo, laini ikarudi. Nilitoka nje nikikitazama. Jasho lote lile, halafu aliyenitambulisha ni huyu mvivu? Mpaka leo sielewi.